Ngoma Itangulie: Mwongozo Kamili wa Kuunganisha Okestra na Nyimbo za Asili za Haiti katika Muziki wa Gemu

Desemba 2013 ilitoka gemu fupi iitwayo Freedom Cry, nyongeza ya Assassin's Creed IV: Black Flag. Shujaa wake ni Adéwalé, aliyewahi kuwa mtumwa Trinidad, ambaye bahari inamtupa ufukweni Saint-Domingue mwaka 1735. Saint-Domingue ndiyo Haiti ya leo; wakati ule ilikuwa koloni la Ufaransa, na utajiri wake mwingi ulitoka kwenye sukari na migongo ya watumwa. Mtunzi wa muziki wa gemu hiyo, Mfaransa Olivier Derivière, hakutaka okestra iimbe peke yake habari za watu hao. Aliwaita La Troupe Makandal, kundi la wapiga ngoma na waimbaji lililoanzia Port-au-Prince na kuhamia New York mwaka 1981. Jina la kundi linamkumbuka François Makandal, kiongozi wa watoro aliyechomwa moto hadharani Cap-Français mwaka 1758.

Nimeusikiliza muziki huo mara nyingi kuliko nilivyoicheza gemu yenyewe, na mwongozo huu umetokana na kusikiliza huko pamoja na kazi zangu za kurekodi ngoma. Nimeuandika kwa mtu anayetunga muziki wa gemu, mwenye kompyuta na bajeti ndogo, anayetaka kuifanya kazi ya namna hii kwa haki. Neno langu kuu nalisema mapema: ngoma na sauti za waimbaji zirekodiwe kwanza, okestra iandikwe baadaye ikizifuata. Ukiigeuza kazi hiyo, ukaandika okestra kisha ukaita wapiga ngoma waje "kuongeza ladha", utakuwa umewaweka jikoni wenye nyumba.

Hatua ya 1: Jua gemu yako iko mwaka gani

Nyimbo za asili za Haiti hazikutoka shamba moja. Zipo za Vodou, zinazoimbiwa lwa, yaani roho za dini hiyo. Zipo za konbit, ambazo wakulima huimba wakilimiana mashamba kwa zamu, kazi ya ujima tunayoijua sisi, na kiongozi wao wa kuimba huitwa simidò. Zipo za rara, bendi zinazotembea barabarani tangu Kwaresima hadi Pasaka. Kuna pia nyimbo za watoto na za wapiga gitaa wa twoubadou.

Kila mojawapo ina umri wake. Hakuna atakayekosea kuweka konpa, muziki wa dansi wa Haiti, katika gemu ya karne ya 18, maana inajulikana kwamba Nemours Jean-Baptiste aliianzisha mwaka 1955. Kosa la kweli limejificha mahali pengine. Watunzi wengi hukimbilia midundo ya petwo, mojawapo ya matawi ya Vodou, kwa sababu ni mikali na inafaa mapigano. Lakini Moreau de Saint-Méry, mwanasheria aliyeliandika koloni hilo kwa undani katika kitabu chake cha 1797, anasema ngoma aliyoiita ya Don Pedro, jina lililozaa neno petwo, ilianza kujulikana mwaka 1768. Gemu ya mwaka 1735 ikiupiga petwo kwa jina hilo inatangulia miaka 33. Hilo halikukatazi kuutumia. Linakutaka uamue ukijua.

Jambo jingine: nyimbo nyingi tunazozifahamu leo ziliandikwa au kurekodiwa karne ya 20. Alan Lomax, mtafiti Mmarekani wa nyimbo za asili, alirekodi Haiti tangu Desemba 1936 hadi miezi ya mwanzo ya 1937, takriban saa 50 za sauti, na sehemu yake ilitolewa katika kasha la CD 10 mwaka 2009. Zisikilize hizo usiku kucha ukiweza. Zina kumbukumbu ya zamani ndani yake, ila usiuze wimbo wa 1937 kana kwamba ulinaswa shambani 1735.

Kuhusu okestra nayo, wengi hudhani inaingia katika hadithi hii kama mgeni kutoka sinema za Marekani. Sivyo. Saint-Domingue ilikuwa na kumbi za maonyesho zilizochezewa opera. Ukumbi wa Cap-Français uliweza kuketisha watu wapatao 1,500. Mwaka 1781 msichana mwenye asili mchanganyiko, aliyejulikana kwa jina la jukwaani Minette, aliimba Port-au-Prince mbele ya watu ambao sheria ilimtenga nao. Na katika magazeti ya koloni, matangazo ya kutafuta watoro yaliwataja watumwa waliojua kupiga fidla. Kwa hiyo katika kisiwa hicho fidla na ngoma zilisikika usiku mmoja, katika mashamba yaleyale, na wakati mwingine mikononi mwa mtu mmoja. Ukilijua hilo, okestra yako haitakuwa tena "Ulaya" na ngoma "Afrika". Fidla inaweza kuwa ya bwana sebuleni, au ya mtoro msituni. Amua ni ipi, katika kila onyesho.

Sisi wa pwani ya Afrika Mashariki tuna sababu yetu ya kujali. Mwaka 1776 Mfaransa Morice aliwekeana mkataba na Sultani wa Kilwa wa kununua watumwa 1,000 kila mwaka. Shabaha yao ilikuwa hasa visiwa vya Ufaransa katika Bahari ya Hindi, lakini katika miaka ya 1780 meli zilizopakia watu upande huu wa Afrika zilizunguka Rasi ya Tumaini Jema hadi Saint-Domingue. Huko waliitwa "Msumbiji" kwa jumla, kana kwamba hawakuwa na makwao.

Hatua ya 2: Tafuta wenye nyimbo kabla ya kuchagua nyimbo

Watu hufanya kinyume. Wanapakua rekodi, wanapenda sauti fulani, kisha wanatafuta mwimbaji wa kuiiga. Anza na mtu. Tafuta mpiga ngoma mkuu na mwimbaji kiongozi wa Kihaiti, mweleze hadithi ya gemu onyesho kwa onyesho, kisha nyamaza akupendekezee nyimbo.

Hii ni adabu, na pia inakuokoa. Vodou ni dini, na serikali ya Haiti iliitambua rasmi mwaka 2003. Miaka 60 na kidogo kabla ya hapo, 1941 na 1942, Kanisa likisaidiwa na dola liliendesha kampeni ya kuizima, ngoma na vifaa vya ibada vikateketezwa. Waimbaji wazee wanazo kumbukumbu hizo kutoka kwa wazazi wao. Kuna nyimbo watakazokupa kwa moyo mkunjufu na nyingine watasema hapana, na hapana hiyo haihitaji maelezo.

Utakapokuwa nao, jifunze angalau haya machache. Kila lwa ana nyimbo na kazi yake. Wimbo wa Legba hutangulia nyingine zote, kwa kuwa yeye ndiye mfungua njia. Ukimweka katikati ya mapigano, kila Mhaiti atakayecheza gemu yako atajua hukuuliza. Agwe ni wa bahari, na kwa gemu yenye meli huyo ni zawadi. Ogou ni wa chuma na vita, naye huenda na mdundo wa nago. Dambala huenda na mdundo wa yanvalou, polepole, mgongo ukicheza kama wimbi. Azaka ni wa shamba. Gede, wa wafu, ana mdundo uitwao banda, na mdundo huo una utani na matusi ndani yake, kwa hiyo usiutumie kutisha watoto.

Nalisema hili la kutisha kwa msisitizo. Jeshi la Marekani liliikalia Haiti tangu 1915 hadi 1934, na katika miaka hiyo na iliyofuata vitabu na sinema za huko ziliigeuza ngoma ya Kihaiti kuwa sauti ya mzuka na zombi. Mpaka leo mtunzi mvivu akitaka kuashiria hatari anaweka tanbou, yaani ngoma ya Kihaiti, kwa mbali. Usifanye hivyo. Katika gemu kuhusu Haiti, hatari iwe na sauti nyingine: mnyororo, kengele ya shamba, fidla iliyokazwa mno. Ngoma iwe nyumbani.

Hatua ya 3: Andikianeni

Fupi tu hapa. Wimbo wa asili hauna mwenyewe mmoja kisheria, lakini mtu anayeuimba mbele ya maikrofoni yako ana haki katika rekodi hiyo. Mkataba uandikwe kwa Kikreyoli pia, lugha rasmi ya Haiti pamoja na Kifaransa tangu katiba ya 1987. Utaje malipo ya siku ya kurekodi, mgawo ikiwa albamu itauzwa pekee, na haki ya mwimbaji kuuondoa wimbo kabla gemu haijatoka. Majina yaandikwe ya kila mtu. "Wapiga ngoma wa Haiti" si jina la mtu. Rekodi za Lomax na za watafiti wengine ni za kusomesha sikio. Usikate vipande vyake ukavitia katika kazi yako.

Hatua ya 4: Zifahamu ngoma kwa majina na kazi zake

Ngoma za rada, tawi jingine la Vodou, ni tatu. Kubwa ni manman, yaani mama. Ya kati ni segon. Ndogo ni boula. Zina ngozi ya ng'ombe iliyokazwa kwa vigingi vya mbao. Boula hupigwa kwa fimbo mbili nyembamba, haibadiliki, ndiyo saa ya ukutani. Segon hupigwa kwa fimbo moja iliyonyooka na nyingine iliyopindwa kama upinde, nayo inajibu. Manman hupigwa kwa mkono mmoja na fimbo moja, na hiyo ndiyo inayosema. Ngoma za petwo zina ngozi ya mbuzi iliyofungwa kwa kamba, hupigwa kwa viganja, na sauti yake ni kavu zaidi. Aliyekulia kwenye chapuo, vumi na msondo ataelewa haraka: mmoja anashikilia, mwingine anajibu, mkubwa anazungumza.

Juu yake kuna ogan, chuma kinachogongwa, ambacho wote wanakisikiliza. Katika yanvalou mzunguko wake una mapigo madogo 12. Usijaribu kuyaandika kama 4/4 yenye nota tatutatu. Andika 12/8 na uache mguu utembee mara nne. Kuna kayamba pia, na kuna ason, kibuyu kilichovikwa shanga, ambacho ni cha kuhani, oungan akiwa mwanamume na manbo akiwa mwanamke. Usiishike ason kuitikisa studioni kwa sababu tu ipo mezani.

Katika rara utakutana na vaksin, mabomba ya mianzi. Kila bomba lina sauti moja au mbili tu, na wimbo huundwa kwa watu kadhaa kupokezana, kila mmoja akitumbukiza sauti yake mahali pake, kama wapiga makondere wa Bunyoro. Huku wakipuliza wanagonga ubavu wa mwanzi kwa kijiti. Na kuna lambi, kome kubwa la baharini lenye kupulizwa. Ndilo lililo mdomoni mwa sanamu ya Mtoro Asiyejulikana, kazi ya Albert Mangonès iliyosimama Port-au-Prince. Lambi moja, ikilia mara moja kwa saa nzima ya mchezo, inatosha.

Sasa jambo ambalo kwangu lina thamani kuliko yote katika hatua hii: kase. Manman anapotaka, anauvunja mdundo. Mapigo yanapishana, mcheza ngoma anayumba, mwili unapoteza njia, halafu wote wanarudi pamoja. Katika ibada, kase ndiyo mahali ambapo roho inaweza kumpanda mtu. Kwa mtunzi wa gemu, kase ni mlango uliojengwa tayari kati ya hali moja ya mchezo na nyingine, na tutaurudia.

Hatua ya 5: Rekodi

Waweke wote katika chumba kimoja, wanaonana macho. Usiwatenge katika vibanda vya vioo. Mleteni mcheza ngoma pia, acheze peku juu ya ubao, kwa sababu manman anazungumza na miguu yake; bila miguu hiyo mpigaji anabaki akizungumza na ukuta. Wimbo huongozwa na mmoja na kujibiwa na wengi. Kiongozi wa kuimba, anayeitwa oungenikon katika Vodou, asimame karibu na manman, na waitikiaji wamzunguke nusu duara.

Maikrofoni moja iwekwe juu ya ngozi ya manman kwa mshazari, umbali wa sentimita 30 hivi, na nyingine karibu na mdomo wa chini, kwani ngoma huinamishwa ili pumzi itoke. Segon na boula zitosheke na moja moja. Ogan usiikaribie: mita moja na nusu, la sivyo itatoboa kila kitu. Halafu jozi ya maikrofoni juu ya chumba, mita 3 au 4 mbele ya kundi. Mara nyingi jozi hiyo ndiyo itakayobeba kazi nzima, hizi nyingine zikibaki viungo. Rekodi kwa kilohezi 48 na biti 24.

Usiwape metronomu masikioni. Nilishawahi kulifanya kosa hili, na lingine kubwa zaidi. Miaka ya nyuma nilirekodi wapiga ngoma watatu kwa ajili ya gemu ndogo ya simu, kisha usiku nikayavuta mapigo yote kwa programu yakae kwenye mistari. Asubuhi nilimchezea mzee aliyepiga ngoma kubwa. Alisikiliza hadi mwisho, akauliza kwa upole ni nani aliyepiga. Nilirudi kuitafuta rekodi ya asili, na bahati ilikuwepo. Pigo la boula lililochelewa kidogo si kosa. Ni mahali ambapo kiuno kinageukia.

Kabla hamjaachana, rekodi ziada. Kwa kila wimbo chukua boula na ogan peke yao kwa dakika 3, manman angalau mara 6 tofauti, kase 10 au zaidi za urefu mbalimbali, kiitikio bila kiongozi, kiongozi bila kiitikio, na waimbaji wakivuma tu bila maneno. Chukua pia ukimya wa chumba kwa dakika 2. Utanishukuru ukifika hatua ya 8.

Hatua ya 6: Chora ramani ya mwendo

Fungua rekodi katika programu yako ya muziki na uweke alama kwenye pigo la kwanza la kila mzunguko, kwa mkono, mmoja baada ya mwingine. Programu itajipinda ifuate. Utaona mwendo unapanda, mathalani kutoka mapigo 106 kwa dakika hadi 114, na kiitikio kinakuja na haraka kidogo. Hiyo ramani ndiyo kondakta wa okestra atakayoisikia katika hedifoni zake. Wapiga fidla wanaweza kufuata mwendo unaopumua. Ni kazi wanayoijua.

Pima na sauti zenyewe. Waimbaji watakuwa wamechagua ufunguo wao, na huenda haukai sawasawa kwenye piano. Mabomba ya vaksin ndiyo zaidi, hukatwa yapatane wenyewe kwa wenyewe. Usiyanyoshe kwa programu. Sogeza okestra: chagua ufunguo ulio karibu kabisa, na ikibidi waombe watune juu au chini kidogo ya hezi 440.

Hatua ya 7: Iandike okestra

Hapa ndipo kazi nyingi za mchanganyiko zinapovunjika, na kwa sababu moja: okestra inaogopa kunyamaza.

Anza kwa kuondoa. Ondoa timpani na ngoma nyingine kubwa zote za okestra, maana manman anakaa hapohapo. Ondoa selo na besi zinazokata mapigo mafupi, kwani segon anaifanya kazi hiyo vizuri zaidi. Ukishaondoa, sikiliza wimbo mtupu tena na ujiulize nini kinakosekana. Pengine hakuna, na onyesho hilo liache hivyo.

Pale panapohitaji, kuna njia tatu ninazozitumaini. Ya kwanza ni okestra kama pumzi: besi na selo zikishika sauti moja ndefu au mbili zenye umbali wa kwinti, bila kuamua kama wimbo una huzuni au furaha. Nyimbo nyingi za Vodou zina sauti tano tu na hazibadilishi mpangilio wa hamoni chini yake. Mtunzi aliyesomea Ulaya ataona mkono unamwasha ageuze kila baada ya mstari. Auzuie. Ya pili ni okestra kama waitikiaji: kiongozi anaita, kwaya inajibu, na siku nyingine zinajibu honi na tromboni, kwa wimbo uleule, kwa pamoja, bila mapambo. Mchezaji anayeanza kuusikia uitikio huo umehamia kwenye shaba atajua kuna watu wengi zaidi nyuma yake. Ya tatu ni okestra kama nguvu inayopingana na ngoma: viola zikisokota 4/4 ngumu juu ya 12/8, kama mashine ya kusaga miwa isiyojali mapigo ya moyo. Hii itumike kwa uchache, na ishindwe. Yaani andika ili kufika mwisho viola zenyewe zimeingia katika 12/8.

Haiti ina watunzi waliotembea njia hii kabla yetu. Ludovic Lamothe na Justin Elie waliiandikia piano na okestra sauti za kwao mapema karne ya 20. Werner Jaegerhuber alikusanya nyimbo za Vodou akazitungia misa. Shule ya muziki ya Sainte-Trinité, Port-au-Prince, ina okestra ya vijana wa Kihaiti iliyoendelea kupiga hata baada ya tetemeko la 12 Januari 2010 kubomoa kanisa kuu lililokuwa nyumba yake. Tafuta wapiga ala waliopitia huko, wengi sasa wametawanyika Marekani na Kanada. Mpiga selo aliyekua akisikia rara dirishani hahitaji ramani yako ya mwendo.

Na kama fedha hazitoshi okestra? Chukua watu sita wapiga nyuzi, uwarekodi mara tatu katika viti tofauti, halafu ujazie kwa sauti za kompyuta. Kompyuta ikibidi, iwe upande wa okestra. Fedha yote iliyopo iende kwa ngoma na waimbaji.

Hatua ya 8: Kata muziki uufuate mchezo

Muziki wa gemu haujui dakika inayofuata. Mchezaji anaweza kukaa shambani nusu saa akitafuta ufunguo. Tumia programu ya kati kama FMOD au Wwise, zote mbili zinamruhusu mtu mwenye mradi mdogo kuanza bila kulipa, na upange muziki kwa tabaka.

Tabaka la chini ni ogan na boula, zikizunguka muda wote wa utembezi. Segon anaingia mchezaji akikaribia watu. Manman anaingia hatari ikinukia, na hapo chaguo lako la rekodi 6 linazungushwa bila mpangilio ili sikio lisichoke. Sauti za watu na okestra ziko juu kabisa.

Mchezaji akigunduliwa na walinzi, usififishe muziki mmoja na kuinua mwingine. Subiri mwisho wa mzunguko, piga kase, kisha uingie mdundo mpya. Hesabu yake ni hii: yanvalou ya mapigo 110 kwa dakika ina mapigo makubwa 4 kila mzunguko, yaani sekunde 2.2 hivi. Mchezaji hatasubiri zaidi ya hapo, na kwa kuwa kase yenyewe inayumbisha, mwendo unaokuja baadaye unaweza kuwa wowote. Hakuna mtu atakayesikia mshono. Wazee wa Haiti waliutatua ugumu wetu kabla ya umeme.

Wazo langu jingine, ambalo ningependa kuliona katika gemu zaidi: idadi ya waitikiaji ifuate idadi ya watu waliokombolewa. Mwanzo kiongozi anaita na hajibiwi. Anaita, ngoma inazunguka mzunguko mzima, kimya. Baada ya kumkomboa mtu wa kwanza inajibu sauti moja. Kwa watu 10, sauti 4. Kwa 50, kwaya nzima. Ndiyo maana nilikuambia urekodi kiongozi bila kiitikio.

Faili zinazozunguka zihifadhiwe WAV au OGG. MP3 huongeza ukimya mdogo mwanzoni na mwishoni, na katika 12/8 ukimya huo unasikika kama mtu aliyejikwaa kila baada ya sekunde chache.

Hatua ya 9: Miksi

Ikiwa selo na manman zinagombana chini ya hezi 150, punguza selo. Ikiwa fidla zinafunika maneno ya mwimbaji, punguza fidla. Huhitaji kanuni nyingine. Kiwango cha jumla cha sauti ya gemu kwa konsoli za nyumbani ni kama -24 LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti), na kwa vifaa vya mkononi -18. Jaribu kila kitu ukiwa na mawimbi, risasi na mazungumzo ya mchezo, kisha ujaribu kwenye simu ya kawaida, maana kwetu wengi watacheza humo. Kwenye simu kishindo cha manman kitapotea na kibaki kile kiganja chake tu, huku ogan ikikata kama wembe. Tengeneza toleo la simu lenye ogan ya chini na kiganja kilichoinuliwa.

Hatua ya 10: Irudishe kwa wenyewe

Wiki sita kabla ya kutoa gemu, kaa na waimbaji na wapiga ngoma, uwaonyeshe kila onyesho lenye sauti yao, likichezwa mbele yao na mtu mwingine, wewe ukiwa umekaa nyuma. Andika wanapocheka na wanapoacha kuongea. Mwombe mmoja wao asome maneno ya Kikreyoli yaliyo kwenye skrini, herufi kwa herufi, pamoja na alama juu ya e na o, kwa kuwa mwandiko rasmi wa mwaka 1979 hauzichezei. Baadhi ya maneno katika nyimbo ni langaj, masalia ya lugha za Afrika ambayo hata mwimbaji hayatafsiri. Hayo yaandikwe kama yalivyo, bila tafsiri chini yake. Wakikuambia wimbo fulani utoke hapo uwekwe pale, una wiki sita. Wakikuambia utoke kabisa, utoe, na mzunguko wa boula ulioubakiza peke yake dakika 3 utajaza nafasi. Halafu hakiki majina yao katika orodha ya mwisho, uwaonyeshe, na usiyaguse tena.